Kabla hujanunua insulesheni ya dari, piga kwanza hesabu ya joto la chumba chako (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

Ramani_Uyole (mwanzisha uzi)

Ugonile wana Mbeya, kamwene wana Iringa na Njombe.

Kipupwe ndo hicho kinaingia na kwenye magrupu ya ujenzi naona watu wanaulizana insulesheni (kinga ya kuzuia joto lisitoroke) bei gani, hadiwea gani wanayo, rola moja inafunika eneo gani. Sawa, ila sijaona mtu anauliza swali la kwanza kabisa: joto la chumba chako linatorokea wapi? Unaweza ukaweka hela nyingi juu ya dari huku ukuta na mianya inaendelea kulitoa nje, halafu mwisho unawaambia majirani insulesheni ni utapeli. Mi nachora ramani na kusimamia ujenzi huku Uyole, na natamani sana kila anayejenga ukanda wetu huu aijue hesabu hii, maana ni ya kujumlisha na kugawanya tu, kikokotoo cha simu kinatosha.

Iko hivi. Kila tabaka la ukuta au paa lina ukinzani wake dhidi ya joto, tunauita R. Unachukua unene kwa mita unagawa kwa kondaktiviti, yaani ile namba inayoonyesha hicho kitu kinapitisha joto kiasi gani. Msingi wake aliuweka Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822 na mainjinia wanautumia mpaka leo. Namba za kondaktiviti utakazozihitaji huku kwetu ni kama hizi: tofali la saruji na mchanga 1.1, plasta ya saruji 1.0, tofali la kuchoma 0.7, jipsam 0.2, mbao ya paini 0.13, pamba ya kioo (ndo ile insulesheni ya rola) 0.04, bati la chuma 50. Zinapanda na kushuka kidogo kutegemea uzito na unyevu ila kwa kupanga nyumba zinatosha kabisa.

Ukishapata R za matabaka yote unajumlisha, halafu unaongeza R ya ile hewa iliyogandama kwenye uso wa ndani na wa nje. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6946 kinasema ukutani ndani 0.13 na nje 0.04, kwenye paa joto likipanda juu ndani ni 0.10 na nje 0.04. Kisha 1 gawa kwa jumla, unapata U, yaani wati ngapi zinapita kwenye kila mita mraba moja kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. U ikiwa ndogo ndo nzuri.

Twende na chumba cha kweli. Mita 4 kwa 3, kipo kwenye kona kwa hiyo kuta mbili zinatazama nje, kimo 2.7, dirisha moja la kioo kimoja 1.5 kwa 1.2. Ukuta wa tofali za saruji milimita 150 na plasta ndani nje. Tuseme ndani tunataka nyuzi 18 na usiku wa Julai nje ni 8, tofauti 10.

Bati tupu bila dari: chuma chenyewe R yake haifiki hata 0.0001, kwa hiyo kinachokukinga ni hewa tu, jumla 0.14, U ni 7.1. Kwa mita mraba 12 hizo ni wati 852 zinaondoka usiku kucha kupitia juu peke yake. Ukipiga jipsam ya milimita 9 unapata 0.045 ya jipsam yenyewe, na nafasi kati ya dari na bati inakupa 0.2, jumla 0.385, U inashuka mpaka 2.6, wati 312. Yaani dari ya kawaida tu, kabla ya insulesheni yoyote, imeokoa wati 540.

Sasa tandika pamba ya kioo milimita 50 juu ya hiyo jipsam. 0.05 gawa kwa 0.04 ni 1.25, jumla 1.635, U 0.61, wati 73. Safi sana. Muuza duka atakwambia weka mia kabisa ulale joto. Piga: jumla 2.885, U 0.35, wati 42. Zile milimita 50 za kwanza zilikuokolea karibu wati 240, za pili zinakuokolea 31, na bei ni ileile. Hapo ndo watu wanapoteza hela jamani.

Na ukuta je? 0.13 jumlisha plasta mbili 0.03 jumlisha tofali 0.136 jumlisha 0.04 ni 0.336, U 3.0 hivi. Kuta zina mita mraba 17.1 ukitoa dirisha, ni wati 513. Dirisha U yake ni kama 5.8, wati 104. Kwa hiyo ukishapiga dari tu, mwizi mkubwa wa joto ni ukuta na sio paa tena. Tofali za kuchoma ukuta wa milimita 230 U yake ni 1.9, eneo lilelile ni wati 325. Anayeanza msingi leo aichukue hiyo.

Bado sijagusa mianya. Karibuni tuchangie, leteni na vipimo vya vyumba vyenu.

Kijana_wa_Iyunga

Mkuu hongera kwa uzi, vitu kama hivi vinatakiwa kubandikwa juu kabisa ya jukwaa. Naongeza mawili.

La kwanza mbao. Hiyo U ya 0.61 ni kama vile dari ni pamba tupu, lakini kuna fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili katikati na mbao inapitisha joto mara tatu ya pamba, hilo ni daraja la joto. Chukua mbao ni asilimia 10 ya eneo. Kiwango kilekile cha ISO kinakutaka upige hesabu kwa njia mbili, moja unachukulia kila mkondo wa joto unapita peke yake, unapata R 1.47, nyingine unachukulia joto linasambaa kwenye kila tabaka, unapata 1.405, halafu unatafuta wastani, 1.44. U inakuwa 0.70, sio 0.61. Mtu mmoja atasema tofauti ndogo, ni asilimia 15 ya joto lote la dari hiyo! Dawa yake ni kuipitisha pamba juu ya mbao na sio kuikatakata kuijaza katikati.

La pili hewa. Joto linaloondoka na hewa ni ujazo wa chumba mara idadi ya mara hewa inabadilika kwa saa mara tofauti ya nyuzi mara 0.33. Ila hiyo 0.33 ni ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, ina uzito wa asilimia 82 hivi ya ile ya Dar, kwa hiyo huku tumia 0.27.

Ramani_Uyole

Dogo umetisha, asante sana. Kuanzia sasa tutumie hiyo 0.70, dari yetu inakuwa wati 84. Na hewa: chumba kile kina mita za ujazo 32.4, kama mlango una nafasi chini na dirisha la kuslaidi limelegea hewa ikabadilika mara 3 kwa saa, ni wati 262. Ukiziba ikawa mara 1 ni wati 87. Umeokoa 175 kwa mpira wa mlango na silikoni, wakati pamba ya dari nzima imeokoa 228. Linganisheni bei za hivyo vitu viwili halafu mniambie kipi kinaanza. Kuweka pamba wakati upepo unapita chini ya mlango ni sawa na kuvaa koti zito Makambako ukaacha zipu wazi.

FundiKenchi_Mafinga

Wakuu nauliza, huku Mafinga unga wa mbao kutoka viwanda vya mbao za Sao Hill ni wa kumwaga, watu wanatupa na wengine wanachoma moto tu. Si naweza kuutandaza juu ya dari badala ya kununua pamba? Kuna mteja ananing'ang'aniza nimfanyie hivyo.

Ramani_Uyole

Fundi, kwa joto inafanya kazi. Unga mkavu kondaktiviti yake ni kama 0.07, kwa hiyo sentimita 10 inakupa 1.43, zaidi kidogo ya pamba ya sentimita 5. Matatizo yake yako kwingine. Uzito kwanza, mita moja ya ujazo ya unga inaweza kuwa na kilo 150 mpaka 200, kwa sentimita 10 ni kilo 15 hadi 20 kwa kila mita mraba, chumba cha mita mraba 12 ni kilo 180 mpaka 240 zimekaa juu ya jipsam iliyoshikwa na skrubu. Itashuka usiku mmoja na watu wamelala chini yake. Fremu lazima uipige ya kubeba mzigo huo, na juu ya jipsam utangulize mbao au plaiwudi. Halafu moto, nyaya za umeme zilizolala kwenye unga mkavu naziogopa sana, zote zipite kwenye paipu na taa za kuzama darini usiziweke kabisa. Mchwa na panya nao unawajua. Na bati likivuja, unga ukaloa, basi huna insulesheni, maana maji yanapitisha joto mara 24 ya hewa iliyotulia. Mteja asipokubali masharti hayo yote, usimfanyie fundi wangu.

Mzee_wa_Bulongwa

Vijana nimesoma yote. Sisi tumezaliwa Makete kwenye nyumba za nyasi na kuta za udongo nene, na baridi ya huku mnaijua, asubuhi umande umeganda mweupe. Hatukuwa tunatetemeka ndani kama wajukuu wanavyotetemeka kwenye nyumba za bati. Hesabu yenu inasemaje kuhusu hilo?

Ramani_Uyole

Shikamoo mzee. Hesabu inakuunga mkono kabisa. Nyasi zilizoezekwa vizuri kondaktiviti yake ni kama 0.07, unene wa sentimita 20 unatoa R 2.86, ongeza hewa 0.14 inafika 3.0, U ni 0.33. Paa la babu zetu lilikuwa bora mara mbili kuliko dari ya jipsam na pamba ya milimita 50 tunayojisifia leo, na kuliko bati tupu ni mara ishirini na zaidi. Tulipohamia kwenye bati tulipata paa lisilovuja na lisiloshika moto hovyo, faida kubwa hiyo, lakini ile kinga ya baridi tuliiacha na wengi hawakurudisha kitu chochote mahali pake.

Ukuta wa udongo nao una jambo ambalo U haionyeshi. U inachukulia nje na ndani nyuzi haziyumbi. Huku kwetu mchana wa Julai jua linawaka na usiku ni baridi kali, ukuta mzito unakunywa joto mchana unalitoa ndani masaa sita na zaidi baadaye, yaani jioni na usiku pale pale unapolihitaji. Kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu ukuta mzito unafanya vizuri kuliko namba yake ya U inavyosema.

Mwananjombe_halisi

Mada nzuri ila mkuu naomba nikubane kidogo. Hizo wati 852 sijui 312 ni za mtu mwenye hita. Huku Njombe nani ana hita ya umeme chumbani? Tunalala na mablanketi. Sasa wati zinatusaidia nini?

Ramani_Uyole

Swali bora kuliko yote mpaka sasa, na ndo sababu nimefungua uzi.

Jumlisha kila kitu halafu gawa kwa nyuzi 10, unapata chumba chako kinapoteza wati ngapi kwa kila nyuzi moja. Chumba cha bati tupu: 852 na 513 na 104 na 262, jumla 1,731, ni wati 173 kwa nyuzi. Chumba kilekile kikiwa na dari, pamba na mianya imezibwa: 84 na 513 na 104 na 87, jumla 788, ni wati 79 kwa nyuzi.

Sasa mtu aliyelala anatoa joto la wati kama 75. Mume na mke ni 150. Kwenye chumba cha kwanza miili yenu inaweza kushikilia chini ya nyuzi moja juu ya baridi ya nje, wakati chumba cha pili ni karibu nyuzi mbili, na joto lote lililojificha kwenye ukuta tangu mchana nalo linaisha polepole mara mbili zaidi. Ile nje ikiwa 8, saa kumi alfajiri ndo unaiona tofauti, na mtoto mchanga anaiona zaidi yako. Kwa hiyo asiye na hita ndo anayehitaji hesabu hii zaidi, kwa sababu hana pa kufidia.

Mama_Vifaranga

Habari zenu kaka zangu. Mimi nafuga Makambako, vifaranga wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35 na usiku huku unaujua. Nina chumba kama hicho cha mfano, dari ipo ya jipsam tu, mkaa unanimaliza na bado wanakufa. Niweke pamba juu ya dari?

Ramani_Uyole

Dada pole sana. Usianze na dari. Chumba chako na dari ya jipsam kinapoteza kama wati 119 kwa nyuzi moja, ukitaka 33 ndani na nje 8 ni nyuzi 25, karibu wati 3,000 usiku kucha. Unapasha joto chumba kizima wakati vifaranga wako sakafuni.

Tengeneza boksi ndani ya chumba, mita 2 kwa 2, kimo mita 1.2, lina mfuniko. Plaiwudi ya milimita 9 na foamu nyeupe ya milimita 50, ile inayokuja kwenye katoni za tivii lakini ununue mabamba mazima. Foamu kondaktiviti yake 0.038 inatoa 1.32, plaiwudi 0.07, hewa 0.17, jumla 1.56, U 0.64. Eneo la mfuniko na pande nne ni mita mraba 13.6, mara 0.64 mara 25 ni wati 218. Hewa safi lazima, vifaranga wanatoa unyevu na harufu ya amonia, hata ikibadilika mara 5 kwa saa ni wati 162 tu. Jumla 380 na kidogo ya sakafuni ambayo maranda yanaipunguza. Taa mbili za joto za wati 250 zinakutosha na mkaa unaachana nao. Foamu iwe nje, plaiwudi ndani, kuku wakiiona wataidonoa yote, na taa ikae mbali nayo kwa sababu inashika moto.

Mama_Vifaranga

Wati 3,000 kwa 380?? Mungu akubariki kaka, naenda kuongea na fundi kesho. Na humo chumbani wanalala vijana wangu wawili wa kazi, tukiziba mianya si watapata joto la mkaa uliobaki?

Ramani_Uyole

HAPANA dada. Tafadhali sana, na wengine wote msome hapa. Chumba kikizibwa, jiko la mkaa lisiingie humo hata dakika tano, hata mkaa ukiwa umeshakolea mwekundu hauna moshi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, mtu analala haamki. Kila ninachosema humu kuhusu kuziba ni kwa chumba kisichoingia jiko la mkaa kabisa. Vijana wahamishe leo.

Kihesa_One

Iringa hapa. Nimeletewa rola mbili nichague, moja imeandikwa R-13, nyingine ni foili ya kung'aa nyembamba kama kadi muuzaji anasema ni sawa na pamba ya inchi nne. Ipi?

Kijana_wa_Iyunga

Kaka kuwa makini na hiyo R-13. Hizo ni R za Kimarekani, wanapima kwa futi na farenheiti. Gawa kwa 5.678 upate ya kwetu, inakuwa 2.29. Ni nzuri, ila usije ukaingiza 13 kwenye hesabu ya mkuu ukadhani umemaliza dunia.

Foili inazuia mionzi ya joto tu na lazima iwe na nafasi ya hewa mbele yake, ukiibana kati ya vitu viwili ni kama haipo. Ikikaa chini ya bati inapandisha ile R ya nafasi ya paa kutoka 0.2 kwenda 0.3. Dari ya jipsam inatoka U 2.6 kwenda 2.06. Inchi nne za pamba ni 0.35. Haviko hata karibu. Foili inamfaa zaidi mtu wa Usangu au Kyela anayepigana na joto la jua linaloshuka mchana kutoka kwenye bati.

Tukuyu_Mvua

Na jasho la bati je? Asubuhi bati linadondosha maji kama linavuja na jua limewaka jana yake yote. Ukuta wa kusini nao unaota ukungu mweusi.

Ramani_Uyole

Hesabu ileile inajibu. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu asilimia 70 inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12.4. Uso wa ndani wa kitu ni joto la chumba toa U mara R ya uso wa ndani mara tofauti. Bati tupu: 18 toa 7.1 mara 0.10 mara 10 ni 10.9. Limeshapita chini ya 12.4, linadondosha, na usiku wa anga jeupe bati linapoa hata kuliko hewa. Ukuta wa tofali za saruji nje ikiwa 8 una 14.1, umepona, lakini nje ikishuka mpaka 3 unafika 12.1 na unalowa. Ukungu hausubiri hata ulowe, unyevu wa asilimia 80 kwenye uso unautosha. Usisogeze kabati likagusa ukuta huo, nguo mbichi zisianikwe ndani, na dirisha lifunguliwe mchana jua likiwepo. Na nyie wa Tukuyu mkiweka pamba juu ya dari msizibe upenyo wa hewa kwenye mwisho wa paa, unyevu unaopanda lazima upate pa kutokea kabla haujaingia kwenye pamba.

Upepo_Makambako

Mkuu na mimi nipigie. Chumba 3 kwa 3, kona, kimo 2.7, tofali za kuchoma ukuta inchi 9, plasta ndani nje, dirisha 1.2 kwa 1.2, bati bila dari na juu ya ukuta pako wazi upepo unapita. Hela ya mwaka huu haitoshi dari na pamba pamoja. Nisubiri mwakani nifanye vyote?

Ramani_Uyole

Usisubiri. Nachukua nje 6 ndani 18. Bati 767, ukuta 337, dirisha 100, hewa kwa sababu pako wazi naweka mara 5, 394. Jumla 1,598. Ukipiga jipsam tu na kuziba vizuri mpaka hewa iwe mara 1: dari 281, ukuta 337, dirisha 100, hewa 79, jumla 797. Nusu imeondoka bila kununua pamba hata ya sentimita moja. Mwakani ukiongeza pamba ya 50 dari inabaki 76 na jumla inakuwa 592.

Jipsam bila pamba kwa mwaka mmoja haiharibiki chochote. Ila mwambie fundi sasa hivi mambo matatu: aache mlango wa dari ambao mtu anapita na rola, nyaya zote azipitishe kwenye paipu kabla hajafunga, na fremu aipige sawasawa ili pamba ije ipite juu yake bila kukatwa. Akishafunga dari bila hivyo, mwakani utaibomoa.